Abunuwasi Alivyoingia Kwenye Katuni

Wanangu wa Mashimoni, na nyinyi majirani wa Lindi, Laini Saba na Kambi Muru, pamoja na wenzenu wa Kawangware mnaolalamika kwamba hadithi zangu zote ni za Kibera: sogeeni. Leo sina hadithi ya fisi wala ya sungura. Nina hadithi ya kitabu.

Kitabu chenyewe kinaitwa Abunuwasi. Kilitoka hapa Nairobi mwaka 1996, kwa Kiswahili, na sehemu kubwa ya mambo yake inaelezwa kwa picha. Ni kitabu cha katuni. Aliyekichora ni Godfrey Mwampembwa, ambaye nchi nzima inamjua kwa jina la Gado. Wazazi wenu wanamfahamu kwa sababu ya wanasiasa aliowachora gazetini. Lakini katika kitabu hiki aliwaweka wanasiasa kando, akamchora mjanja mmoja wa kale kwa ajili ya wasomaji wanaotaka kucheka.

Nasema kitabu hiki kinastahili nafasi kubwa katika historia ya vitabu vyetu, kubwa kuliko ile kinayopewa. Nitawaeleza kwa nini, ila kwanza lazima mjue Abunuwasi ni nani na alifikaje huku.

Alikuwa mtu kweli. Kwa Kiarabu anaitwa Abu Nuwas, na alikuwa mshairi. Alizaliwa Ahvaz, mji ulioko Iran ya leo, mama yake akiwa Mwajemi. Akakulia Basra, kisha akahamia Baghdad enzi za khalifa Harun al-Rashid. Alifariki karibu mwaka 814, kwa hiyo ni zaidi ya miaka 1,200 sasa. Alipokuwa hai alisifika kwa mashairi yake na kwa ulimi usioogopa wakubwa. Alipokufa, watu wakaendelea kumtungia visa. Kisa cha mjanja kikikosa mwenyewe, kilipewa yeye. Ndivyo alivyojikuta ndani ya hadithi za Alfu Lela u Lela, akitenda mambo ambayo mshairi mwenyewe hakuyatenda kamwe.

Visa hivyo vikapanda majahazi. Kaskazi ilipovuma, wafanyabiashara na mabaharia walivileta Lamu, Mombasa na Unguja pamoja na tende na mazulia, na wasimulizi wa pwani wakavipokea na kuvifanya vyao. Abunuwasi akageuka Mswahili kabisa. Ana punda, ana jirani mchoyo, na anaitwa mbele ya sultani mara kwa mara kujibu mashtaka. Kila mara anatoka salama, bila upanga wala fedha, kwa akili tu. Miaka ya 1930 kampuni ya Macmillan ya London ikachapisha Hekaya za Abunuwas na Hadithi Nyingine, na kitabu hicho kikasomwa shuleni Afrika Mashariki kwa vizazi. Mwulizeni babu au shosho yeyote aliyesoma enzi hizo. Ataanza kutabasamu kabla hamjamaliza swali.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha sufuria, na nitakisimulia kwa sababu tutakihitaji mbele.

Abunuwasi alikwenda kwa jirani yake tajiri kuazima sufuria kubwa. Jirani akampa, huku ananung'unika. Kesho yake Abunuwasi akairudisha, na ndani yake ameweka kisufuria kidogo. Jirani akauliza, "Hiki je?" Abunuwasi akajibu, "Hongera bwana! Sufuria yako ilikuwa na mimba. Imejifungua usiku wa kuamkia leo." Jirani alijua sufuria hazizai. Lakini akaangalia kile kisufuria, akaona ni kizima na kinang'aa, akasema, "Alhamdulillahi," akakiweka ndani. Siku zikapita. Abunuwasi akaja tena kuazima, na safari hii jirani akampa sufuria kubwa kuliko zote, tena kwa mikono miwili. Ikapita siku moja, mbili, wiki nzima, sufuria haijarudi. Jirani akamfuata. Abunuwasi akatoka mlangoni ameinamisha kichwa. "Pole sana, bwana. Sufuria yako imefariki." "Sufuria ni ya shaba, inakufaje?" Wakafikishana kwa kadhi, na Abunuwasi akasema mbele ya watu wote, "Ilipozaa uliamini. Inakuwaje ilipokufa huamini?"

Hapa Mashimoni kila mtu amewahi kuazima sufuria, awe na harusi, awe na matanga. Kwa hiyo hamhitaji kuelezwa uzito wa kesi hiyo.

Sasa tazameni kazi ya mchoraji. Sisemi kwamba hivi ndivyo Gado alivyopanga kurasa zake. Nataka tu mwone jinsi kisa kama hiki kinavyokatwa vipande mpaka kinakuwa katuni. Mimi nikisimulia, nina sauti, nina mikono, na nina uwezo wa kunyamaza kidogo kabla sijasema neno la kuchekesha. Mchoraji hana sauti. Ana visanduku tu, na ndani ya visanduku hivyo lazima apate mikono, sauti na kule kunyamaza.

Kisanduku cha kwanza: mlango wa jirani, mkono wake umeshika sufuria kwa vidole viwili, kama hataki kuiachilia. Hakuna haja ya kuandika kwamba ni mchoyo, vidole vimeshasema. Cha pili: Abunuwasi amerudi, sufuria iko juu ya kichwa chake, na tunaona ukingo mdogo tu wa kitu kilicho ndani. Cha tatu: uso wa jirani pekee. Hapa ndipo mchoraji hodari anapojulikana, maana jirani huyo anapaswa kuonyesha mambo mawili kwa wakati mmoja. Jicho moja linajua huu ni uongo, na jicho la pili limekwishapenda kile kisufuria. Cha nne hakina neno hata moja: kisufuria kiko kabatini kwa jirani, kimepangwa pamoja na vingine. Kisanduku hicho kitupu cha maneno ndicho kunyamaza kwangu.

Kisha kuna hila ambayo wasomaji wengi hawaigundui. Mchoraji akiwa makini, swali la jirani, "Sufuria inakufaje?", analiweka mwisho kabisa wa ukurasa wa kulia, chini. Jibu analiweka nyuma yake. Ili ulijue, sharti ufunue. Kule kufunua kwa kidole chako ndiko kunakuongezea kicheko, kwa kuwa umengoja sekunde moja, na hiyo sekunde mchoraji ameipanga akiwa mezani kwake miezi kadhaa kabla kitabu hakijakufikia. Hakuna mtu anayefanya jambo kama hilo kwa bahati.

Kazi yenyewe ya mikono ni ndefu. Wakati ule wa 1996 wachoraji wengi walifanya hivi: wanachora kwanza kwa penseli, kwa mistari hafifu, kisha wanapitisha wino mweusi kwa kalamu au brashi, na wino ukikauka wanaifuta penseli. Maneno yanaandikwa kwa mkono ndani ya viputo, na ni lazima nafasi ya kiputo iachwe mapema, la sivyo maneno yatakalia kichwa cha mtu. Kiswahili kina maneno marefu. Sentensi kama "Hatutakubaliana naye" ni maneno mawili tu, lakini yanataka kiputo kipana. Mchoraji aliyezoea kuchora kwa Kiingereza anayaona hayo haraka sana.

Baada ya hapo kazi inakwenda kwa mchapishaji, na hapo kuna hesabu. Toeni karatasi moja katikati ya daftari. Ikunjeni mara moja: mmepata kurasa nne. Ikunjeni tena: kurasa nane. Mara ya tatu: kumi na sita. Kitabu cha katuni kinatengenezwa vivyo hivyo. Karatasi kubwa inachapwa pande zote mbili, inakunjwa, inapigwa pini mgongoni, kingo zinakatwa, na kurasa zinafunguka. Ndiyo maana vitabu vya katuni mara nyingi vina kurasa 16, 32 au 48. Hadithi ikiisha ukurasa wa 33, mchoraji lazima arudi aipunguze, maana ukurasa mmoja wa ziada unadai karatasi nyingine na gharama nyingine.

Kukunja huku kuna historia yake. Huko Marekani mwaka 1934 lilitoka jarida lililoitwa Famous Funnies, la senti kumi, ambalo lilikuwa na vichekesho vilivyokwisha kutoka katika magazeti ya Jumapili, vikachapwa upya kwa ukubwa mdogo na kupigwa pini. Watoto wakalipenda, na biashara ya vitabu vya katuni huko Marekani ikaanzia hapo. Miaka minne baadaye, tarehe 30 Julai 1938, kampuni ya DC Thomson ya Dundee, Uskoti, ikatoa toleo la kwanza la The Beano, jarida la watoto watundu, kwa pensi mbili. Linachapishwa mpaka leo. Watoto waliolinunua siku ile walilisoma, wakalikunja mfukoni, wakalirarua, wakalitupa. Mwaka 2004 nakala moja ya toleo hilo la kwanza iliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 12,000, kwa sababu zilizobaki ni chache mno. Hilo mlishike.

Na huku kwetu? Msidhani tulikaa tukingoja. Kabla ya Uhuru, miaka ya 1950, Edward Gitau alianza kumchora Juha Kalulu, bwana mmoja anayejiingiza katika matatizo kila kukicha. Gazeti la Taifa Leo lilianza mwaka 1960, na humo Juha Kalulu alikaa miaka mingi mno, akisomwa na watu waliokuwa watoto, wakawa wazazi, wakawa wazee, yeye bado yumo. Kwa jumla Gitau alimchora kwa zaidi ya nusu karne. Nawajua watu wazima waliojifunza kusoma Kiswahili kwa Juha Kalulu kabla mwalimu hajafika kwenye silabi.

Dar es Salaam nako kulikuwa na Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na baadaye jarida la Sani likawaletea watoto Madenge, mtoto mtukutu asiyekubali kushindwa. Gado alizaliwa katika jiji hilo mwaka 1969. Alianza kuchora angali shuleni, akaingia Chuo cha Ardhi kusomea usanifu wa majengo, kisha mwaka 1992 akauacha na kuja Nairobi kuchora katuni katika kundi la magazeti ya Nation. Kwa hiyo kitabu chetu kilitoka Nairobi, lakini mkono uliokichora ulifunzwa na vicheko vya Dar. Mimi naona hilo ni jambo jema sana.

Hapa Nairobi kulikuwa pia na watu wawili, Hilary Ng'weno na Terry Hirst, walioanzisha jarida la Joe mwaka 1973. Lilikuwa la Kiingereza, tena la watu wazima, likicheka na mwananchi wa kawaida anayehangaika na mji. Hirst alikuwa Mwingereza aliyekuja Kenya miaka ya 1960 kufundisha sanaa. Joe lilipokwisha, miaka ya 1980 akatengeneza Pichadithi, vitabu vya katuni vya hadithi zetu za jadi, kama ile ya Lwanda Magere wa Waluo, shujaa ambaye mwili wake ulikuwa wa jiwe. Navyo vilikuwa kwa Kiingereza. Kisha alikuwepo Frank Odoi, aliyetoka Ghana akaifanya Nairobi kuwa kwao, akachora Akokhan na Golgoti, mpaka alipofariki katika ajali ya matatu mwezi Aprili 2012. Nilihuzunika sana.

Mmeona pengo liko wapi? Kiswahili kilikuwa na katuni, lakini gazetini: vipande vitatu au vinne kwa siku, na kesho yake gazeti limefungiwa nyama. Vitabu vya katuni tulikuwa navyo, lakini kwa Kiingereza. Kitabu cha katuni cha Kiswahili, chenye jalada lake na jina la mchoraji mbele, kitabu ambacho mtoto anaweza kukiweka chini ya mto na kukisoma tena mwaka ujao, hicho kilikuwa adimu kabisa.

Hapo ndipo ilipoingia kampuni ndogo iitwayo Sasa Sema. Ilianzishwa Nairobi katikati ya miaka ya 1990 na Lila Luce, mama wa Kimarekani aliyeamini kwamba watu wa huku wangesoma kwa hiari yao wakipewa kitu cha kufurahisha katika lugha yao wenyewe. Wachapishaji wakubwa hawakuwa na imani hiyo. Sasa Sema ikawatafuta wachoraji waliokuwa wakiishi kwa katuni za magazeti, ikawaambia watunge vitabu vizima, kwa Kiswahili. Abunuwasi wa Gado akawa miongoni mwa vya mwanzo. Vikafuata vingine, kama Macho ya Mji.

Nafasi ya Abunuwasi ninayoisemea ni hiyo. Mchoraji mashuhuri kuliko wote wakati ule alichukua kisa ambacho babu zetu walikisoma katika kitabu kilichochapwa London, akakirudisha Nairobi, akakipa sura na macho na mavazi, na kampuni ya hapa hapa ikakitoa kama kitabu kamili. Hakikuandikwa ili kumfunza mtoto kunawa mikono. Kilitaka ucheke, na kilikuheshimu kiasi cha kukuamini kwamba utaelewa mwenyewe ni nani aliyeshindwa na kwa nini.

Sasa mtaniuliza: kama kilikuwa kizuri hivyo, mbona hatukioni?

Jibu linauma. Nchini Kenya mnunuzi mkubwa wa vitabu ni shule, na shule inanunua kile kilichoidhinishwa kwa mtaala. Zamani kazi ya kuidhinisha ilikuwa ya taasisi ya mitaala, KIE, ambayo siku hizi inaitwa KICD. Tangu mwaka 2018 serikali yenyewe inanunua vitabu vya kiada na kuvipeleka shuleni moja kwa moja. Mchapishaji anayetaka kulipa mishahara anaangalia upande huo kwanza. Kitabu cha kuchekesha hakiulizwi kwenye mtihani, kwa hiyo mzazi mwenye shilingi mia tatu na watoto watatu anajua atanunua nini, na mimi simlaumu hata kidogo. Mwaka 2013 sheria mpya ya VAT ikaweka kodi ya asilimia 16 juu ya vitabu, na mzigo ukazidi. Hata kabla ya kodi hiyo, Sasa Sema ilikuwa imepambana, ikaongeza vitabu vya maisha ya watu mashuhuri wa Kenya ambavyo shule zingevipokea, na baadaye ikaingia mikononi mwa Longhorn Publishers.

Kwa hiyo watu wakisema watoto wa mitaa yetu hawapendi kusoma, nakataa waziwazi. Watoto hawakuwahi kupelekewa vitabu hivyo kwa bei ambayo wangeiweza. Na ushahidi ninao. Mwezi Februari 2010 lilianza jarida la katuni liitwalo Shujaaz, la kampuni ya Well Told Story, lililoandikwa kwa Sheng. Shujaa wake ni DJ Boyie, kijana aliyemaliza shule, hana kazi, anayerusha redio ya siri kutoka chumbani kwake. Lilitolewa bure, ndani ya gazeti la Saturday Nation na kwenye vibanda mitaani. Mlikuwa hamjazaliwa wengine, lakini kaka na dada zenu wanakumbuka jinsi nakala moja ilivyopita mikono kumi kabla ya jua kutua. Mwaka 2012 Shujaaz ilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy upande wa dijitali. Wasomaji walikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni njia ya kuwafikia.

Hata hivyo Shujaaz ni ya mambo ya ujana, kazi na mapenzi na pesa. Nyinyi wa miaka minane, tisa, kumi, bado mnadaiwa kitabu chenu cha kucheka. Nalisema hili kwa wachapishaji wote wanaoweza kunisikia: visa vya Abunuwasi havina mwenyewe wa kulipwa, wachoraji wapo wengi hapa mjini, na wengine wanachora kuta za vinyozi na matatu kwa sababu hakuna anayewapa kazi ya kitabu. Kitabu cha kurasa 16, rangi nyeusi na nyeupe, karatasi ya gazeti, pini mbili mgongoni. Bei iwe ya chapati kadhaa. Kitauzwa stejini, kitauzwa soko la Toi, kitauzwa Kawangware sokoni, na mama mboga ataweza kukiweka mezani kando ya nyanya.

Wakati tunawangoja, kuna kazi yenu. Mnakumbuka ile nakala ya Beano ya pensi mbili? Katuni za zamani hupotea kwa sababu hakuna anayefikiri kwamba ni za kuhifadhi. Magazeti yana bahati kidogo: Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 katika Banda Street, kando ya Msikiti wa Jamia, ina magazeti ya nchi hii yanayorudi nyuma hadi mwaka 1899. Mjue pia kwamba kwa miaka thelathini hivi ya mwanzo Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake. Mlango ulifunguliwa kwa wote baada ya baraza la jiji kuichukua mapema miaka ya 1960. Lakini vitabu vyembamba vya katuni, hivi vya kupigwa pini, huishia kwenye masanduku ya nyumbani, na panya, na mvua inayopita kwenye mabati.

Basi fungueni masanduku hayo. Waombeni ruhusa wazazi, babu na shosho. Angalieni chini ya magodoro, ndani ya mikebe, katika mifuko ya vitabu vya mitumba ambayo hakuna aliyeigusa tangu mhamie. Mkipata Abunuwasi wa Gado, au Pichadithi, au Sani, au ukurasa wenye Juha Kalulu, au Shujaaz za mwanzo, msikate picha. Msichore masharubu. Andikeni kwenye karatasi ya pembeni, si kwenye kitabu, jina la kitabu, mwaka kilipochapishwa, jina la mchoraji, na nani alikinunua na wapi kama anakumbuka. Kiwekeni mahali pakavu palipoinuka, si sakafuni. Kisha mnionyeshe, au mkipeleke kwa mkutubi pale tawi la maktaba ya taifa Kibera mkaulize kama wanacho.

Na yule atakayekikosa kila mahali, achukue ile karatasi ya daftari tuliyoikunja, aikunje mara mbili, akate ukingo, apate kurasa nane, na achore kisa cha sufuria mwanzo hadi mwisho. Swali la jirani aliweke ukurasa wa tano, chini. Ukurasa wa tano uko upande wa kulia.